Isabgol ya Marikiti: kijiko kimoja kabla ya wali

Wiki iliyopita nimemaliza pakiti ya tatu ya isabgol, yale maganda ya mbegu yanayokorogwa kwenye maji, na naona sasa nina haki ya kusema. Wenzangu wa steji ya tuktuk pale Mwembe Tayari, Mombasa, wameniuliza mara nyingi kama kweli inasaidia sukari, na kila mmoja nimempa jibu la mkato kwa sababu abiria keshaingia. Jibu refu ni hili.

Mimi nina miaka 52, na sukari niliambiwa ninayo mwaka 2019. Vidonge vya metformin, vya kushusha sukari, nameza asubuhi na usiku. Kazi yangu ni ya kukaa kutwa na chakula changu ni cha njiani: mahamri na chai ya maziwa alfajiri, viazi karai na ukwaju saa nne, wali mchana popote njaa itakaponikuta, na jioni chochote kinachonukia kando ya barabara. Mombasa ukikaa na njaa umependa mwenyewe.

Aliyenitajia isabgol ni mama mmoja Mhindi wa Kibohora niliyekuwa nikimpeleka soko la Marikiti kila Jumanne. Siku hiyo alinikuta nimejidunga kidole nyuma ya usukani, kimashine cha sukari kinasoma 12.8, iko juu, nami nimekunja uso kama mtu aliyepigwa faini. Akaniuliza, "Mwanangu, isabgol hunywi?" Nikamwambia, mama, hata jina silijui. Akacheka. "Kwetu hiyo hukaa kabatini karibu na chumvi."

Kosa langu ni kuwa sikungoja Jumanne nyingine anipeleke kwa muuzaji wake. Niliingia duka la dawa la kwanza nililoliona, nikaeleza shida yangu yote, sukari na vidonge na kila kitu, nikauziwa kopo la shilingi 900 lenye picha ya chungwa. Unga wake wa rangi ya chungwa, na utamu wake wa chungwa. Siku tatu nimekunywa kwa raha, nikasema kumbe dawa nyingine zinapendeza. Siku ya nne binti yangu, anayesomea lishe chuoni, akalichukua kopo, akalizungusha, akasoma yale maandishi ya mchwa ya ubavuni. "Baba, hii ina sukari." Na kweli imeandikwa, gramu kadhaa katika kila kijiko. Duka silitaji, lakini aliyeniuzia alikuwa amenisikia vizuri. Kwa hivyo kabla ya yote: isabgol unayoitaka ni ile ambayo orodha ya vilivyomo ina mstari mmoja tu, maganda ya isabgol, basi. Ukiona mstari wa pili, rudisha rafuni.

Jumanne ikafika, mama akanielekeza. Duka lenyewe ni dogo, upande wa wauza viungo, pale unapopita magunia ya bizari na iliki mpaka pua inaanza kuwasha. Ndani yuko mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, na nyuma yake rafu hadi darini. Huyu ndiye ninayemsifu kuliko bidhaa. Kabla ya kupokea pesa aliniuliza mawili: "Unameza dawa gani? Na maji, unakunywa?" Kisha akafungua kopo kuu kuu la bati akanimwagia mbegu nzima kiganjani. Ni mbegu ndogo, za rangi ya waridi iliyofifia, zimepinda kama ngalawa. Akasema Waajemi ndio walioziita sikio la farasi, na hilo jina isabgol ndilo limetokea huko. Nilizitazama kwa karibu, na kweli, kila moja ni sikio. Mmea wake unalimwa zaidi India, Gujarat na Rajasthan. Kinachouzwa kwenye pakiti si mbegu, ni ganda lake la nje, limepurwa na kupepetwa mpaka likawa jeupe na jepesi. Ukipiga chafya umepata hasara.

Pakiti ni gramu 100, shilingi 350. Kijiko cha kulia kilichojaa kiasi ni kama gramu 5, kwa hivyo pakiti inatoa vijiko ishirini. Ni shilingi kumi na saba na nusu kwa kijiko, si mbali na bei ya hamri moja. Ladha haina. Harufu haina. Ni kama kula karatasi iliyosagwa, na baada ya ile chungwa nilihisi nimeadhibiwa.

Sasa fanya jambo hili kabla hujainywa mara ya kwanza, maana mimi nililifanya nimechelewa. Chukua bilauri ya maji, tia kijiko kimoja, koroga, uiweke mezani. Dakika ya kwanza vile vipande vinaelea tu. Ya tatu, maji yameanza kuwa mazito, yanavutika kama maji ya mabenda. Dakika ya kumi inamisha bilauri: kitu hakimwagiki. Kinajivuta polepole hadi ukingoni, kinasita, kinarudi. Mke wangu alisema kinamkumbusha mtoto mwenye mafua. Siwezi kumlaumu.

Lakini uteute huo ndio kazi yenyewe. Wali ukishuka tumboni ukakutana nao, haupiti haraka kama kawaida. Tumbo linachelewa kumwaga, na ule wanga unapofika kwenye utumbo umezungukwa na rojo, kwa hivyo kuvunjwavunjwa kwake kuwa sukari kunachukua muda, na sukari inaingia kwenye damu kwa matone badala ya kwa ndoo. Kongosho langu, linalotoa insulini ya kuishusha sukari, ni kama fundi mzee, na hapo linapata nafasi ya kufuata. Upande wa njaa nako kuna mambo mawili. Kwanza tumbo limetanuka kweli, maana kijiko kile na maji yake kimekuwa bakuli. Pili, chakula kinachokawia kuvunjwa kinafika mbali zaidi kwenye utumbo, na huko kuna seli zinazotoa homoni za kuuambia ubongo kuwa imetosha. Mojawapo inaitwa GLP-1, hiyohiyo inayoigizwa na zile sindano za wiki ambazo matajiri wanapungulia uzito. Usije ukadhani kijiko cha shilingi kumi na saba ni sindano. Binti yangu alinikanya nisiliseme hili steji, nikalisema, na mpaka leo kuna mmoja anaiita "sindano ya Marikiti."

Nimepima. Stripu za kimashine, vile vijikaratasi vya kutilia damu, si za bei rahisi, kwa hivyo sikupima kila siku. Nilichagua Ijumaa nne mfululizo, kwa sababu Ijumaa nyumbani ni pilau, na mke wangu hupika sufuria ileile kwa kipimo kilekile. Nilikuwa napima kabla ya kula, na saa mbili tangu tonge la kwanza.

Ijumaa ya kwanza nilikula kama ninavyokula, sahani mbili: 7.4 kabla, 13.9 baadaye. Ya pili nikanywa kijiko kwenye bilauri kubwa robo saa kabla ya chakula: 7.6, halafu 11.8. Nilirudia kidole cha pili kwa kutoamini, ikaja 11.6. Ya tatu sikunywa isabgol kabisa. Nilianza na bakuli la mbaazi na kachumbari, nikatafuna bila haraka, halafu ndipo pilau: 7.1, kisha 10.3. Hapo mtu mwenye hesabu atasema nimedanganya, maana pilau ya siku hiyo niliishia sahani moja. Ni kweli. Lakini hakuna aliyeninyang'anya ile ya pili, sikuitaka tu. Ijumaa ya nne nilitaka kuijaribu nguvu, nikanywa kijiko changu kwa adabu, halafu baada ya pilau nikaongeza kaimati sita na glasi ya juisi ya muwa. 7.5 ikaenda 14.2. Kijiko kilishindwa mbele ya watu.

Hizo ni namba za mtu mmoja na kidole chake. Nyuma ya pakiti yangu kumeandikwa makubwa zaidi, kwamba inasaidia moyo, sukari, uzito, ngozi. Ya moyo ina msingi: Marekani, mamlaka yao ya chakula na dawa iliruhusu mwaka 1998 bidhaa za isabgol ziseme hivyo, kwa sababu nyuzinyuzi zake zinashusha kolesteroli, yale mafuta ya kwenye damu. Kuhusu kujikinga na sukari ya aina ya pili, mwaka 2014 waliruhusu maneno ya woga, kwa sharti la kuandika hapohapo kuwa ushahidi ni mdogo sana. Ngozi sijui imetoka wapi.

Kama ningeulizwa hii kitu inafaa kwa nini hasa, ningesema sahani ya pili. Namba za sukari ni nzuri, lakini kilichobadilika maishani ni hicho. Nilialikwa harusi Kisauni, tukakaa wanne kwenye sinia la biriani. Kijiko changu nilikuwa nimekinywa nyumbani. Nilikula upande wangu, nikafika katikati, na mkono ukasimama wenyewe. Si kwamba nilijizuia, na mimi kujizuia sijawahi kukuweza. Chakula kilikuwa mbele yangu, nyama ipo, na sikuona haja. Mzee aliyekaa kulia kwangu alinitazama, akanisogezea kipande cha nyama upande wangu, akangoja. Sikugusa. Akainama sikioni: "Kijana, una nini? Mgonjwa?" Nikamwambia nimeshiba, mzee wangu. Akautazama mwili wangu wote, juu mpaka chini, akarudi kwenye biriani yake bila kuniamini.

Basi, aibu zake nazo nizitoe.

Maji. Isabgol bila maji ni hatari, na hili silisemi kwa mzaha. Siku ya kwanza ya pakiti ya Marikiti nilijifanya mjuzi, nikamimina kijiko kikavu mdomoni, nikasukuma na mafunda mawili. Kilivimba kooni. Nilisimamisha tuktuk kando ya Uwanja wa Tononoka nikiwa natoka machozi, abiria wangu ananipiga mgongo, na yeye ndiye aliyekwenda kuninunulia chupa ya maji. Nauli nilikataa kupokea. Bilauri nzima, ya kujaa, na nyingine nusu nyuma yake, ndiyo kipimo. Mwenye shida ya kumeza au aliyewahi kuziba utumbo asiiguse kabla ya kumwona daktari.

Na maji yakiingia lazima yatoke. Hili dereva mwenzangu analijua. Wiki mbili za kwanza nilijua kila choo cha umma kati ya Buxton na feri, na bei zake.

Halafu kuna kisa cha kivuko cha Likoni. Nilikoroga kijiko changu kwenye chupa ya nusu lita, nikasema nitainywa nikishavuka, nile wali ng'ambo. Foleni ya feri siku hiyo ilikuwa imelala. Jua la saa saba, tuktuk haisogei, chupa iko kwenye dashibodi. Nilipoifungua haikuwa maji tena. Niliipindua, nikaibana, kikatoka kipande kimoja kirefu kikaning'inia. Watoto wa shule waliokaa nyuma walipiga kelele mpaka wauza korosho wakaja kuona. Koroga, kunywa hapohapo. Usihifadhi.

Gesi nilikuwa nayo siku nne au tano, tumbo limejaa kama ngoma, halafu ikatulia. Nilianza na kijiko kizima, na mzee wa Marikiti aliponisikia alinigombeza: aanzaye aanze na kijiko cha chai wiki nzima, ndipo apande. Choo, kwa upande mwingine, sina la kulalamika. Mtu anayekaa kwenye kiti kutwa nzima ananielewa.

Dawa nazo usizichanganye nayo. Rojo lile linakamata wali, na linaweza kuchelewesha kidonge vilevile. Muuguzi wa kliniki aliniambia niache nafasi ya saa mbili hivi kati yake na dawa. Metformin inataka kuliwa na chakula, kwa hivyo mimi nimegawa: vidonge ni vya kifungua kinywa na chajio, isabgol ni ya mchana peke yake. Anayejidunga insulini au anayetumia vidonge vinavyoweza kuishusha sukari kupita kiasi aulize kwanza, asije akaanguka barabarani. Muuguzi huyohuyo alinikataza kupunguza hata nusu kidonge kwa sababu ya pakiti hii, nami sikupunguza.

Pakiti yenyewe ni mbovu. Ule mdomo wa kubana haubani, na hewa ya Mombasa mnaijua. Pakiti ya kwanza ilishika unyevu ikafanya mabonge kabla sijafika nusu. Sasa nikifika tu nyumbani naihamishia kwenye chupa ya kahawa yenye kifuniko cha kuzungusha. Kwa shilingi 350 sikutegemea kumfanyia mwenye kiwanda kazi yake.

Swali la mwisho ni lile la binti yangu, na ndilo lililonipunguzia mapenzi na hii bidhaa. Shirika la Afya Duniani, mwaka 2023, lilisema mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, zitokane na chakula chenyewe. Kijiko changu kinanipa kama gramu 4. Bakuli la mbaazi zilizopikwa, gramu 150 hivi, linanipa kama 10. Sahani ya wali mweupe inanipa kama 1 tu. "Kwa hivyo baba," akasema, "unakunywa karatasi ili usile mbaazi?" Mbaazi za nazi kwa mama wa kibanda karibu na steji ni shilingi 50 bakuli, zina chumvi, zina pilipili, na mtu anaziona ni chakula. Uteute wao si mzito kama wa isabgol, hilo nakubali, na gesi yao ni ya muda mrefu zaidi. Ila zile namba za Ijumaa ya tatu zimebaki kwenye simu yangu, na nazitazama.

Siku hiyohiyo alinieleza habari za Denis Burkitt, daktari wa upasuaji mzaliwa wa Ireland aliyefanya kazi Uganda miaka mingi baada ya vita vya pili vya dunia. Burkitt aliona maradhi yaliyojaa hospitali za Uingereza ni adimu kwa wanavijiji aliokuwa akiwatibu. Akafuatilia mpaka chooni: chakula cha vijijini kilipita upesi, na choo kilikuwa kingi na laini, cha Waingereza, wala mkate mweupe, kilikaa siku na siku. Miaka ya 1970 akawa mhubiri wa nyuzinyuzi kwa Wazungu wenzake. Nikamwuliza binti yangu, na sisi leo tuko upande gani wa hesabu yake? Hakunijibu. Alitazama tu meza: chapati za unga mweupe, ugali wa unga uliokobolewa ukachekechwa mpaka ukang'aa, na soda ya lita mbili.

Sasa natumia hivi. Siku za kazi mchana nala mbaazi au maharagwe au mchicha kwanza, wanga baadaye, na isabgol sinywi. Pakiti naiweka kwa ajili ya Ijumaa, harusi, futari na Idi, siku ambazo najua sahani ya pili itakuja na atakayeileta ni mtu nisiyeweza kumkatalia. Kwa matumizi hayo naipa nyota tatu na nusu. Duka na mzee wake nawapa tano.

Ukienda, jua kwamba Ijumaa hufunga saa sita na nusu kwa swala na kufungua saa nane. M-Pesa anapokea, ila anapenda taslimu. Mwombe pakiti za nyuma ya rafu. Zile za mbele zinapigwa jua tangu asubuhi.